Nguo ya Kuzamia na Kipande cha Kanga

Mama,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Kuku sijawafungulia. Boda imefika, naenda Ibanda kwenye mafunzo ya kuzamia bwawani.

Kwenye mitumba ya Bwera tuliiacha ile nguo nyepesi ya mikono mifupi, tukachagua hii nene ya mpira. Wewe uliipendea stara, mimi joto. Lakini asubuhi nimekuta umeipasua mbavuni ukatia kipande cha kanga ili isinichore mwili. Nililia, Mama. Kukuamsha nikuambie niliona haya.

Nguo hiyo lazima ibane. Madam Aciro anayetufundisha alisema maji kidogo huingia ndani, yakatulia, mwili ukayapasha moto. Ikipwaya, maji baridi ya mlimani yanapita tu, na anayetetemeka hateremshwi majini.

~~Kwa hiyo siendi tena.~~

Kaka Hamim alinikuta nalia, akacheka: "Wee Suma, mama amekushonea gomesi, gauni pana la sherehe, la kambale!" Kisha akaitoa kanga, akaunganisha mpira kwa gundi anayozibia tyubu za boda. Imeshika. Inanibana mpaka napumua kwa adabu.

Chai ya Hamim usitie sukari nyingi, ameshajisifu vya kutosha.

Kanga iliyobaki nimeichukua. Nitajifunga juu ya nguo hii mpaka ukingoni mwa maji, kama unavyotaka. Nikishazama, watakaonitazama ni samaki tu, na wao hawajui kusengenya.

Kitindamimba wako,
Sumayah