Nyumba ya Haraka ya Bravin

Jumatatu, 2 Machi

Bravin amepatikana! Siku kumi na tisa kimya, halafu leo saa nne asubuhi, nikichambua mboga ya mrenda, simu ikalia. Sauti yake ile ile. Nikalia, nikamkemea, nikalia tena. Kuhusu aliko hasemi — jeshi la Amerika haliruhusu — ila yuko salama.

Halafu akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema, kwa sababu sijalielewa: "Mama, nijengeeni nyumba hapo nyumbani. Ya udongo tu. Iishe mwezi huu."

Nikauliza ya nini. Akasema nijenge tu.

Ni kweli hana nyumba hapa. Isimba yake, kile kijumba alicholala akiwa kijana, ililiwa na mchwa ikaanguka mwaka wa pili baada ya yeye kwenda na ile green card. Miaka tisa sasa. Hakuwahi kuiulizia.

Erastus amefurahi. Mzee wangu anasema kijana analeta mke, na mke haletwi kwenye nyumba ya mama. Tangu mchana anapiga mluzi. Mimi nawaza mengine. Mwanamume mzima asiye na nyumba kwa baba yake, siku akiletwa kwa jeneza, hujengewa ya udongo mbiombio kabla mwili haujafika. Siku mbili, imekwisha. Nani hapa Malava asiyejua nyumba ya namna hiyo? Sasa mtu aliye vitani anajiombea yake mapema!

Sikumwambia Erastus. Acha apige mluzi.

Jumatano, 4 Machi

Erastus amepigilia vigingi, kushoto mwa lango, mahali pa mtoto wa kwanza. Fundi Barasa amekuja na vijana wake na miti. Kufikia saa sita nguzo zimesimama. Yaani zimesimama haraka mno.

Jirani yetu Osiako akaja na gogo begani, la moto wa matanga. Akaliweka chini, akavua kofia, akauliza mwili unafika lini. Nikamwambia hakuna mwili. Akasema pole mwalimu, Mungu atakupa nguvu. Nikamwambia Osiako, Bravin amepiga simu juzi! Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Gogo ameliacha.

Ijumaa, 6 Machi

Redio imesema wanajeshi wa Amerika wameuawa tena. Idadi wametaja, majina hawataji. Nimezima. Nimewasha. Nimezima.

Bravin kapiga saa saba. Hajambo. Jana alipiga mara mbili! Wakati wa mafunzo nilikuwa nambembeleza anipigie mara moja kwa wiki. Hivi vita gani vinampa mtu nafasi ya kuuliza kama ng'ombe amezaa? Sielewi.

Jumamosi, 7 Machi

Mitchel, mdogo wake Bravin, amekuja kutoka Kakamega mjini, na ujumbe kutoka kwa kaka yake. Chumba kimoja kinatosha. Mlango uwe mpana.

Erastus kacheka mpaka akakohoa. Mpana ili kitanda cha maharusi kipite, anasema, huyo kijana amefikiria mbali. Mimi nimefikiria kitu kingine kinachohitaji mlango mpana. Nimeingia jikoni nikaosha sufuria safi.

Nikamvuta Mitchel kando, nikamwuliza, wewe na kaka yako mnazungumza nini? "Mathe, relax. Bravo ako poa." Macho ameyapeleka kwa kuku. Huyu nimemzaa mimi. Akidanganya hutazama kuku.

Saa kumi wakaja akina mama wa kanisa, Rachael mbele, leso kiunoni, sukari kilo nne. Walishaanza wimbo langoni. Nikawazuia, nikaeleza. Rachael akasema, basi tutakunywa chai. Wamekunywa. Sukari wameniachia — "itatumika tu". Nimecheka baada ya wao kuondoka, kicheko kibaya, peke yangu, hadi Mitchel akanishika bega.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Udongo haukauki. Kuta zimekandikwa mara ya kwanza.

Nimefanya jambo la kipumbavu na nitaliandika. Mbao za mlango zililetwa jana Erastus akiwa sokoni. Nimezificha ghalani, chini ya magunia ya mahindi. Barasa nimemwambia bado hazijafika. Nyumba bila mlango si nyumba. Hakuna wazee watakaokubali mtu aingizwe humo. Basi mlango usipokuwepo, na yeye hatahitaji kuingizwa.

Nimefundisha darasani miaka thelathini na minne. Sayansi! Na hizi ndizo akili zilizobaki.

Alhamisi, 12 Machi

Leo kapiga ya video. Nimemwona!

Amekonda. Shavu limeingia ndani, ndevu hazijanyolewa — jeshi gani linaruhusu ndevu? Nyuma yake ukuta mweupe. Hakuna hema, hakuna mchanga, hakuna wenzake. Nikamwambia simama kidogo nikuone mwili, nijue kama wanakulisha. Akasema mtandao ni mbaya, Mama. Lakini picha ilikuwa safi, nilikuwa nahesabu kope zake.

Baba yake akaingiza kichwa, akauliza, huyo binti yupo hapo? Bravin akacheka. Alichelewa kidogo kucheka.

Akauliza nyumba imefika wapi. Nikasema tunangojea mbao. Akasema, "Mama, tafadhali." Hivyo tu. Sauti ya mtoto aliyekojoa kitandani na hataki baba ajue.

Nichukie nini sasa? Vita? Simu? Huyu mtoto mwenye siri? Mpaka nyumba yenyewe naichukia, ilivyokaa pale inanitazama na lile tundu lake la mlango.

Ijumaa, 13 Machi

Hajapiga. Ugali umeungua.

Jumamosi, 14 Machi

Mitchel hakuja. Ametuma ujumbe kwa simu ya baba yake: Bravin anasema mlangoni pasiwe na ngazi. Kabisa. Pawe sawasawa na nje.

Erastus kakasirika kweli. Sakafu tumeinua kwa sababu ya mvua, na ngazi Barasa amekwisha kuijenga kwa mawe, nzuri, watu wameisifu. Bila ngazi itabidi tumwage murram, ule udongo mgumu wa barabarani, uwe mteremko, na maji yatatiririka hadi ndani. Kijana ameishi Amerika akasahau mvua ya kwao, anasema Erastus. Akaondoka kwenda Chekalini kwa ndugu yake, kuzungumzia fahali wa harusi.

Nikabaki na Barasa. Huyu amewajengea marehemu wengi kuanzia hapa hadi Mautuma. Nikaona heri nimwulize, moyo upasuke mara moja uishe. Nikasema: Barasa, mlango mpana na ngazi hakuna — hiyo si ya jeneza?

Akaacha kukanda udongo. "Hapana, mwalimu. Jeneza watu wanabebanga na mabega. Stepi wanaruka tu, na mlango hata ikiwa ndogo tunainamishanga kidogo, linaingia." Akafikiri. "Stepi inasumbuanga mtu wa kiti ya magurudumu. Kama shangazi yangu ule alikatwa miguu juu ya ugonjwa ya sukari. Tulimvunjia stepi, tukapanua mlango."

Akarudi kwenye udongo wake. Hakujua amesema nini.

Nikaketi kwenye gogo la Osiako.

Ukuta mweupe, wa hospitali. Ndevu. Simu mara mbili kwa siku. Mtandao mbaya. Chumba kimoja, ili asizunguke mbali. Ya udongo, kwa sababu ya udongo inaisha haraka, na yeye yuko karibu kuja.

Nimeketi pale mpaka kuku wakaja kunidonoa viatu.

Jumapili, 15 Machi

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa. Erastus amekwenda na suti.

Nimetoa mbao chini ya magunia nikaziegemeza ukutani. Kisha nikachukua jembe nikavunja ngazi mwenyewe. Jiwe moja lilikataa, nikalipiga, nikalipiga, mpaka Osiako akachungulia ua akarudi kwake. Nimepima mlango kwa kamba. Nimejaza udongo mahali pake uwe mteremko, nikashuka na kupanda pale nikiwa nimeinama, nikisukuma toroli tupu. Inapanda. Mara ya pili inapanda vizuri zaidi.

Yuko hai! Naliandika tena: yuko hai. Nina furaha kama mwendawazimu, na chini ya furaha kuna kitu sitaki kukifunua. Ni mguu mmoja au miwili? Au ni mgongo? Na nina hasira naye. Aliona afadhali mama yake adhani ni nyumba ya maiti wiki mbili kuliko kusema neno moja! Lakini nasema uongo, hakuwa ananificha mimi. Anamficha baba yake. Erastus ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege akiwaambia watu huyu atarudi amesimama kama nguzo.

Je, nimwambie Bravin kwamba najua? Au ningoje aseme? Nimwambie Erastus kabla, au hilo ni la kijana mwenyewe? Najiuliza, najijibu, jibu silikubali.

Saa nane u nusu. Erastus amerudi na ndugu yake wa Chekalini na wazee wawili wa kanisani. Wanakunywa chai ya sukari ya Rachael, hapo sebuleni, nawasikia kutoka hapa mezani. Fahali amepatikana. Erastus anawaambia kijana akipiga leo atamwambia asimame na magwanda yake wamwone wote, wajue wanachangia harusi ya mwanamume wa namna gani. Wanacheka.

Simu inalia. Iko juu ya televisheni, karibu na Erastus kuliko mimi.

Ameishika.