Mama alidhani tunamtibu mwanawe

Mwenzangu, uko? Leo nimeumbuka, sijui nijifiche wapi.

Yule mtoto asiyeongea kwenye utafiti wetu, anayetulia kwenye mashine kuliko wote? Leo tumemaliza kumpiga picha za ubongo. Mama yake kanishika mikono: "Sasa mwanangu ataanza kuongea lini?"

ATAANZA KUONGEA LINI!

Kumbe muda wote huo alidhani tunamtibu! Na tulimweleza tangu mwanzo.

Nikamwambia, "Mama, huu ni utafiti tu, hatutibu."

Akauliza, "Hata kidogo?"

Hata kidogo!

Akamvalisha mtoto viatu, akamwambia, "Muage dada daktari." Mtoto akanipungia mkono, anacheka. Na mimi hata si daktari.

Profesa anayeongoza utafiti anashangilia, eti picha safi kuliko zote. Mimi nimejifungia chooni, nalia.