Nilibebwa Nikipiga Mateke

Arusha, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na kifua chako kimetulia licha ya baridi ya huko. Mimi sijambo, chuo kimefunguliwa na masomo ya uchungaji yanaendelea.

Naandika kwa sababu tukipigiana simu tunakatana maneno. Tangu Krismasi moyo wangu haujatulia. Ulisema mezani, mbele ya wageni, kwamba Walutheri wanafundisha wachungaji wasiojua kuokoka, nami nikanyanyuka nikaacha chakula cha mama. Kunyanyuka vile kulikuwa utovu wa adabu. Nisamehe. Lakini nilichosema sikifuti. Mwanadamu hajichagulii wokovu, baba. Amekufa katika dhambi, na maiti haiitiki ikiitwa. Mungu ndiye anayeanza na Mungu ndiye anayemaliza. Kama ingetegemea uamuzi wetu, nani angepata usingizi?

Hivi kweli unaamini mama hajaokoka kwa sababu tu hakunyoosha mkono kwenye mkutano wenu?

Msalimie yeye, na mzee Silvano, na jirani yetu Zuberi.

Mwanao,
Kristian


Kwemzunda, Lushoto, 2 Machi 2024

Mwanangu Kristian,

Marahaba. Sisi tupo, kifua kinanisumbua asubuhi tu. Mvua zimewahi mwaka huu, kabichi zinaozea shambani. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza habari za mama yako kwa sababu unajua hapo ndipo panaponiuma. Yeye namwachia Mungu. Lakini sikiliza. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya Kilutheri, na bado nilikuwa naokotwa mtaroni kwa pombe. Siku niliyosema, "Basi, Yesu, nimekubali," ndiyo siku niliyosimama. Ulikuwa mdogo, lakini uliyaona mabadiliko. Leo unaniambia sikukubali mimi? Nani basi alilitamka lile neno?

Mungu hupiga hodi, havunji mlango. Mtu habebwi kwenda mbinguni kama gunia la viazi. Hata Silvano, rafiki yangu wa tangu tunachunga mbuzi, Mkatoliki asiyekosa misa, nimemwambia miaka yote: amua leo. Yeye hucheka tu: "Hezekia, mimi naenda taratibu." Huwa namlilia kwenye maombi, maana najua anakoelekea akifa hivyo.

Hilo fundisho lako la maiti usiliingize nyumbani mwangu. Kama huwezi kuliacha huko, Pasaka baki huko nalo.

Baba yako,
Hezekia


Kwa Zuberi, Kwemzunda, 30 Aprili 2024

Mwanangu Kristian,

Najua hukuja Pasaka kwa sababu ya neno langu. Nakuandikia uzima kwanza. Mama yako ni mzima. Mimi ni mzima, ila mbavu zinauma. Nyumba haipo. Silvano hayupo.

Ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo bila kuvuta pumzi, na mama yako alikuwa amekwenda shuleni na akina mama wenzake, maana huko ni tambarare. Mimi na Silvano tulikuwa jikoni kwangu tunaota moto. Mchana Zuberi akaingia, tope mpaka magotini. Akasema ardhi imepasuka juu ya shamba lake la kabichi, ufa unaingia mguu mzima.

"Wazee wangu, tokeni. Mlima unashuka."

Silvano akavaa kofia, akachukua fimbo. "Haya, twende," akasema, kama mtu aliyeitwa mezani. Akatoka, akashika njia ya mtoni kuelekea shuleni. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeomba tangu alfajiri, na nilikuwa na hakika nimepewa neno kwamba nyumba yangu itasimama. Nikamwambia Zuberi, "Usinilazimishe. Imani yangu ni yangu."

Akasema, "Mzee Hezekia, nakuheshimu kama baba yangu. Nisamehe." Akaniinamia, akaninyanyua, akanitupa begani.

Kristian, nilimpiga. Nilimpiga mateke ya tumbo, nikamng'ata bega, nikamtukana tusi nisiloweza kuliandika. Nilishikilia mwimo wa mlango mpaka kucha ikang'oka. Kwa vile nilihangaika hivyo, hakuthubutu kushuka nami zile ngazi za udongo za njia ya mtoni. Akakata kushoto, akapanda kupitia shambani kwa jirani Rehema. Hata mikaratusi hatujaifikia, nikasikia. Haikuwa kama radi. Ilikuwa kama kitu kikubwa kimeshusha pumzi.

Kichwa changu kilikuwa kinaning'inia mgongoni kwa Zuberi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Niliona miti inatembea. Haikuanguka, mwanangu. Ilisimama wima, ikashuka ikiwa imesimama, pamoja na majani yake na ndege waliokuwa wanaruka juu yake. Nyumba yangu ikageuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, ikaingia ndani ya udongo. Na njia ya mtoni haikuwepo tena.

Silvano alikubali, akaenda kwa miguu yake. Mimi nilikataa, nikabebwa. Ningekubali, tungeshuka pamoja naye.

Nilimuuliza Zuberi, "Kwa nini mimi?" Akajibu, "Mzee Silvano alikuwa anakwenda mwenyewe, nikamwacha atangulie. Nina bega moja tu, mzee. Anayetii huachwa atembee. Mkaidi ndiye anayebebwa." Kisha akageukia ukuta akalia.

Tangu siku hiyo sijui kama ninaogopa au ninashukuru. Vimekuwa kitu kimoja.

Baba yako,
Hezekia


Arusha, 8 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na poleni sana. Nimelia kwa ajili ya mzee Silvano, na nimepiga magoti kushukuru kwamba ninyi mko hai. Vipi mbavu? Mama anapata usingizi?

Baba, sitaki kurudisha ugomvi, lakini je, hukuona? Hiki ndicho nilichokuwa nakueleza. Hukuweza kujiokoa, hukutaka hata kuokolewa, na bado ulitolewa. Hiyo ndiyo neema. Niliwasimulia wenzangu darasani, na mwalimu akasema hajapata kusikia mfano ulio wazi kama huo.

Kuhusu mzee Silvano, Mungu ana mashauri yake.

Mwanao,
Kristian


Kwa Zuberi, Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mbavu zinaunga. Mama yako analala, ila mvua ikianza huamka akakaa.

Kumbe nimekuwa mfano. Na Silvano ni mfano wa nini? Usinijibu haraka. Mstari mmoja ulimtosha, Kristian, mtu aliyekufundisha kupogoa mipichi.

Tulimfukua wote. Waislamu walitoka swala ya Ijumaa wakaja na majembe moja kwa moja, Wakatoliki wakaja na padre wao, Walutheri, na sisi walokole wa kanisa la mabati. Hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa wapi. Tulipompata, Zuberi ndiye aliyemfuta uso kwa kanzu yake.

Leo kanisani kwangu waliniita mbele nitoe ushuhuda. Kanisa lilijaa, watu wamesimama mpaka madirishani. Walitaka niseme Mungu humlinda mtumishi wake. Nikashika kipaza sauti. Kwenye benchi la nyuma nikamwona Beatha, mke wa Silvano, amejifunga khanga nyeusi. Alikuja kunisikiliza mimi. Maneno yote niliyoyaandaa yaligeuka matusi mdomoni mwangu. Nikakiweka kipaza sauti chini, nikapita katikati ya watu, nikakaa naye.

Akaninong'oneza, "Mzee Hezekia, ulimwambia kila siku aamue. Hakuamua vile mlivyotaka. Sasa niambie wewe unayejua Maandiko. Mume wangu yuko wapi?"

Miaka yote hii nilikuwa na jibu la swali hilo. Nimelihubiri sokoni, nimelihubiri msibani. Nililitafuta nisilione. Nikamwambia, "Beatha, mimi nilibebwa huku namng'ata anayenibeba. Mikono ya namna hiyo siwezi kukwambia inakomea wapi."

Alinishika mkono wenye kidonda, na hatukuachiana mpaka ibada ikaisha.

Siku niliyokubali, nilikubali kweli. Hiyo siwezi kuikana hata mbele yako. Na siku niliyobebwa, nilibebwa kweli. Sijui mambo haya mawili yanakaaje nyumba moja. Ukisimama hapa mlangoni kwa Zuberi, ukungu ukipanda asubuhi, unauona mlima umechanika mwekundu kutoka kileleni mpaka mtoni. Unasimama tu. Mdomo wenyewe unajifunga.

Misa ya kumwombea Silvano ni Jumamosi, tarehe mosi Juni. Njoo kaya, nyumbani. Usije kuhubiri. Njoo.

Baba yako,
Hezekia


Ujumbe wa simu, 31 Mei 2024, saa tisa alasiri

Shikamoo baba. Barua yako ilinishinda kujibu. Nimefika Soni. Mawe yameporomokea barabara, gari haliendi mbele. Nitapanda kwa miguu, giza likinikuta nitauliza njia. Mwanao Kristian


Ujumbe wa simu, kutoka simu ya mama, siku hiyo hiyo

Marahaba. Usipande, mvua inakuja. Kaa hapo hapo ulipo. Mimi na Zuberi tumeshatoka kukufuata. Baba