Falter, Kitenzi Kisichotendwa na Mwingine

Jumatatu, 2 Juni
Somo na Bwana Seo barazani kwangu, Kalangalala, mjini Geita. Mkorea, fundi wa kuchimba visima. Kiingereza cha kusoma anacho, cha mdomo kinamtoka kwa shida. Kitenzi cha leo: falter. Anatamka "polta". Kwao F haipo. Akakichanganya na fail. Hapana. Fail ni aliyekwisha kuanguka. Huyu wa falter bado amesimama, ila uhakika unamtoka: sauti inafifia, hatua inasita. Akasema kwao moyo ndio unaotikiswa. Akaandika: "The question faltered me." Nikakata. Swali halikufanyi hivyo. Unafanya mwenyewe. Hakuridhika.

Alhamisi, 5 Juni
Kisima cha kijiji karibu na Katoro kimetoka kikavu. Cha pili hicho. Akina mama wamewapikia wachimbaji muda wote huo. Bosi wa Seo yuko Mwanza, amemwagiza akawaambie wanakijiji kwamba vipimo vinaendelea. Uongo. Mtambo wa kuchimbia unahamia Buseresere wiki ijayo. Seo ameniomba nikamtafsirie. Nimekubali. Najichukia kidogo.

Jumamosi, 7 Juni
Mkutano, uwanja wa shule. Watu wengi. Mama Kabula, aliyekuwa akisimamia mapishi, akasimama.
"Baba, umekula ugali wetu. Maji lini?"
Nikamtafsiria. Seo akaanza: "We are still..." Akakwama. Akatazama viatu vyake.
Mimi nilikuwa na jibu tayari mdomoni: bado tunapima. Ningemmalizia, wangepiga makofi, tungeondoka. Nikanyamaza. Sijui kwa nini. Aibu ikanipanda.
Ndipo akasema, kwa Kiingereza cha vipande vipande, kwamba maji hakuna, mtambo unaondoka, samahani.
Zamu yangu. Nikafika kwenye "mtambo", sauti ikakatika. Mimi, mwalimu.
"Mwalimu, sema tu," akasema Mama Kabula.
Nikasema.
Hakuna aliyetutukana. Wazee wawili waliondoka bila kuaga. Mama Kabula akajifunga khanga upya. "Basi tunarudi kuchota kwenye lambo. Angalau hatutakaa tunawangoja."
Tukarudi Geita.

Jumatatu, 9 Juni
Seo hakuja kwenye somo. Alipiga simu mchana. Bosi amekasirika, anamrudisha Korea. Nikamuuliza kama anajuta. Akafikiri. Akasema kidogo. Kisha akaniuliza ilikuwaje nikanyamaza pale. Nikamwambia nilisita: "I faltered." Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Sikucheka.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Katoro kununua mchele. Nikamkuta Mama Kabula sokoni, anachagua majembe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Anasema wanaume wameanza kutoa tope kwenye lambo, mvua zikija lishike maji mengi. Wangengoja kisima, wasingeligusa mwaka huu.
Akauliza mgeni yuko wapi. Alisafiri jana, nikasema.
"Haya. Msalimie."
Nikaitikia. Namba ya Seo ya huko Korea sina. Jua kali. Nimerudi nyumbani, nimepika, nimekula peke yangu.