Siku Bibi Mdogo Alipokaguliwa

Rumonge, Jumatano, Julai 1968

Jua la kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, ziwa limetulia tuli. Mimi ndiye sijatulia.

Nina wivu. Naliandika hilo kwanza ili nisijizungushe. Nina mke mwenza mwenye magurudumu mawili.

Mtaani wanamwita Bibi Mdogo, na Baba Asha hajalikataa jina hilo hata siku moja. Ni pikipiki ndogo aliyoinunua kwa mzungu wa shamba la michikichi, aliyekuwa anafunga virago mwaka wa uhuru. Ilikuwa kuukuu tangu siku ile. Asubuhi inakohoa, inamwaga mafuta uani kwangu, na kiti chake kina viraka kuliko godoro letu. Lakini mume wangu anaiosha kwa sabuni ya mawese ninayoichemsha mimi, kisha anaifuta kwa kitambaa kikavu, taratibu, sehemu kwa sehemu. Mimi nikitoka kuoga hata hajui kama nimeoga.

Nyuma anafunga vikapu vya ndagala, dagaa wa ziwa letu, anapanda navyo Bugarama kule milimani kuuza. Siku mbili, siku tatu hayupo. Mimi sijawahi kukaa pale nyuma, ati ndagala zitapondeka. Siku ya uhuru, mwanzo wa mwezi huu, alifunga bendera kwenye usukani akauzunguka mji mzima. Akanipita njiani, akanipigia honi. Nilikuwa nakwenda kwa miguu.

Basi leo mkaguzi wa pikipiki amefika kutoka Bujumbura, kama kila mwaka. Pikipiki mpya hazina shida naye, anazitazama na kugonga muhuri. Hofu ni ya wenye vikongwe. Kulikuwa na moja ambayo taa yake imefungwa kwa uzi wa nyavu, na nyingine haina honi, mwenyewe anaigiza mlio kwa mdomo akidhani hajulikani. Hayo mkaguzi aliyacheka, akasamehe. Asichosamehe ni breki. Alichora mstari wa chokaa chini ya mteremko. Unashuka ukiwa na mtu nyuma, na usiposimama kabla ya mstari, pikipiki haigusi barabara mpaka breki ipone.

Ndiyo maana leo wanawake wa Rumonge wamebebwa kama maharusi. Kila mtu hapa anajua sababu, isipokuwa mkaguzi. Mwanamke anakaa upande, kitenge kinashuka karibu na ardhi, na chini ya kitenge viatu vinaburuzwa kwenye kokoto. Breki ikichoka, mama anaimalizia. Bingwa wa kazi hiyo ni Mama Zuhura, jirani yetu, mjane mcheshi. Hana mume wala pikipiki, na kila mwaka anaombwa.

Baba Asha alikuja nyumbani anakimbia. "Mama Asha, vaa kitenge kirefu, kuja mbio! Iko zamu yetu!"

Miaka ya nyuma breki ilishika yenyewe, akashuka na rafiki yake; leo ndiyo ameona nafaa kukaa nyuma. Kwa sababu ya viatu vyangu.

Nilivaa kitenge cha sikukuu, nikakaa. Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Upepo wa ziwani ulinipiga usoni, mgongo wake uko hapa hapa unanukia sabuni yangu, nikamshika kiuno mbele za watu. Nikafikiri, kumbe ndivyo ilivyo. Kumbe hivi ndivyo vikapu vinavyosafiri kila wiki.

Hapo wivu ukanipanda kichwani.

Tulipofika katikati ya mteremko akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa, mama. Kanyaga."

Nikainua miguu. Nikaikunja vizuri ndani ya kitenge, nikamkumbatia mume wangu kwa nguvu.

Bibi Mdogo alipiga kelele za chuma, akaupita mstari, akaenda kujisimamisha karibu na mihogo ya watu iliyoanikwa. Mkaguzi alitikisa kichwa. "Hapana, muzee. Freni iko imekufa. Utayirudisha wiki yenye kuya, tutaona tena. Kwa sasa usipande nayo mu barabara."

Tulirudi kwa miguu, yeye anaisukuma, mimi pembeni yake. Hatujatembea pamoja hivyo tangu Asha azaliwe. Mimi nilibana mdomo furaha isije ikaonekana. Nilifika nikampikia samaki, mgebuka kwa mawese, nikijua kwamba safari za Bugarama hakuna, wiki nzima mume ni wangu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Alipomaliza kula akasema kitu kibovu hakiachwi nje, kitaibwa vipande vipande. Bibi Mdogo amehamia sebuleni. Ninapoandika haya iko kati ya mkeka wangu na mlango wa chumba, inanuka petroli, na yeye amekaa chini karibu nayo, anafungua breki huku anaisemesha. Kweli, mwanamume yuko nyumbani. Ila hayuko kwangu.

Kabla ya hapo aliokota viatu vyangu mlangoni. Akavigeuza, akazitazama soli. Zilikuwa na vumbi la njiani tu, hazina hata mkwaruzo mmoja. Nilisubiri anigombeze, maneno ya kumjibu nilikuwa nimeshayapanga. Hakugomba. Aliviweka pale pale, kimoja kando ya kingine, akachukua kitambaa chake.

Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Wiki yenye kuya nitamuomba Mama Zuhura akae nyuma. Ule mama, viatu vyake vinashika."

Mama Zuhura! Kwenye kiuno kile nilichokishika leo! Huyo hatakunja miguu. Atakanyaga mpaka vumbi lifunike mstari, watu watampigia makofi, na atashuka anacheka na mume wangu. Pikipiki ningeweza kuivumilia, maana haicheki.

Sijui kama alisema kwa kunipima au kwa dhati. Nimewaza mpaka chai imepoa mkononi.

Pale sokoni kuna fundi anayekata kandambili za tairi la lori. Ni nzito, ni mbaya, haziendi na kitenge chochote nilicho nacho, lakini kwenye kokoto zinashika. Kesho, kabla hajafungua kibanda chake, atanikuta nimekaa mlangoni.