Saa Nane za Maren

Jumatatu, 9 Julai 2018
Ypres, ng'ambo ya bahari, mji wa vita vya zamani. Wanafunzi ishirini na wawili, basi moja, mvua. Prentiss, mkuu wa safari, anataka tuhesabu vichwa. Nimekataa. Kila mwanafunzi ana namba yake. Naitaja, anaitikia, naweka alama, tunaondoka. Miaka thelathini na minane ya ualimu — sijapoteza mtoto! Nyuma ya basi mmoja alinong'ona, "Sajini kapanda, jamani, kaeni wima." Wakacheka; Sajini ni mimi. Na wacheke.

Jumanne, 10 Julai
Maren Doucette, namba kumi na saba. Nilimfelisha katika historia mwezi Januari, na nilikuwa na haki: alisinzia darasani baada ya zamu zake za mgahawani. Ana krediti ishirini na tisa, moja kwa kila somo alilofaulu. Kuhitimu ni thelathini. Safari hii ikimpa hiyo moja, Septemba anaingia chuo cha uuguzi. Isipompa, nafasi inakwenda kwa mwingine.
Nimewakumbusha wote: somo ni saa mia moja na kumi, ratiba haina saa za kuchezea, atakayekosa siku amekosa somo. Maren alikuwa amejikunyata ndani ya koti. Nikamwambia akae wima.

Jumatano, 11 Julai
Makaburi ya vita, masomo ya muda wa saa nane. Asubuhi namba zote ziliitikiwa. Tukagawana: nusu na mimi, nusu na Prentiss. Kila mwanafunzi alisoma kaburini habari za askari wa mji wake. Vizuri, kwa jumla. Nimetia saini fomu ya mahudhurio: wote walikuwepo.

Alhamisi, 12 Julai
Wakati wa kifungua kinywa mama anayesafisha hosteli aliniuliza kama yule msichana wa chumba cha nne amepata nafuu. Jana kutwa msichana alikuwa akitapika, yeye mama akampelekea chai.
Jana?
Nilipanda ngazi mbio. Maren, midomo imekauka, homa thelathini na tisa na nusu. Teagan, rafiki yake, amesimama ukutani kama mshtakiwa.
"Namba yake niliitikia mimi, Madam. Nilibana sauti."
Mimi nilidhani yuko kwa Prentiss. Prentiss alidhani yuko kwangu.
Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Maren ndiye aliyejibu: "Ungeandika sipo."
"Ningeita daktari!"
"Ungeita. Halafu ungeandika sipo."
Ni kweli.
Tumempeleka hospitali, daktari amemtundikia dripu. Angekaa hivyo siku moja zaidi, alisema, tungezungumzia figo. Alinitazama mimi aliposema "tungezungumzia".
Jioni Prentiss alinivuta pembeni. Saini ipo, mtoto anapona, ana haja gani mtu kuchokonoa? "Mwalimu, wewe umestaafu mwezi uliopita, hii ni safari yako ya mwisho. Huyu ndiyo kwanza anaanza."
Nimeandika uongo bila kujua. Sasa najua.

Ijumaa, 13 Julai
Fomu ya mahudhurio inatakiwa kwa bodi ya shule leo kabla ya saa kumi, saa za hapa. Nimewapigia: je, mgonjwa anaweza kufidia saa nane? Labda, wakasema. Mwalimu aeleze kwa maandishi kilichotokea, na mzazi ajulishwe kwanza.
Nimeandika mistari miwili. "Nilimwacha mwanafunzi mgonjwa peke yake. Nilitia saini kwamba yupo." Panapotakiwa sababu pako wazi. Nimeandika "homa", nikafuta. Nimeandika "udanganyifu wa wanafunzi", nikafuta haraka zaidi.
Maren karudi hosteli, ameketi kitandani, anakula biskuti. Nimemwambia nitakachofanya na kwamba huenda isisaidie. "Madam, mama ana presha. Usianze na hospitali."
Nianze na nini, basi?
"Anza na wewe."
Nimempigia mama yake huko nyumbani Kapuskasing, hakupokea. Kwao ni saa mbili asubuhi, pengine yuko njiani kwenda kazini. Prentiss amegonga mlango mara mbili: "Mwalimu, fomu!" Asubiri.
Simu inaita. Ni mama yake; nitaanza na kosa langu. Maren ameacha kutafuna —