Mibonyezo Miwili

Jumatatu, 3 Februari
Saa nne asubuhi nimewasha phonie, redio yangu ya kuzungumzia na walio mbali. Epulu, kule msituni, wazima, mvua, hakuna jipya. Betri ya gari inayoiendesha imechoka na jenereta haina mafuta. Shule imefungwa, kwa hiyo somo la umeme najifundisha mwenyewe: kusikiliza kunakula mkondo kidogo, kusema kunakula mwingi mno. Ndiyo maana sisi wenye phonie tuna desturi yetu. Betri ikidhoofika, husemi. Unabonyeza kitufe cha kipaza sauti mara mbili. Upande wa pili wanasikia tk, tk. Maana yake ndiyo.

Jumanne, 4 Februari
Furaha, mdogo wangu, alikimbilia Epulu na wanawe wawili mwaka jana. Leo ni sauti yake, ananiita yaya, yaani mkubwa wake.
"Yaya, kuna camion inatoka huku samedi, inakuja Bunia. Tupande?"
Jumamosi, siku nne tu. Barabarani wenye silaha wanashusha watu na kuwauliza kabila. Lori la mwisho lilifika tupu. Nikabonyeza niseme hapana. Volti zikaanguka, taa ya phonie ikazimika kabla ya neno. Nikaachia, ikawaka. Nikabonyeza tena. Ikazimika tena.
"Merci, yaya. Nimesikia. Tunakuja."
Miaka kumi na tisa nafundisha fizikia. Mjinga mkubwa.

Jumatano, 5 Februari
Mafuta hakuna, mji mzima. Nimejaribu mawe manane, betri kavu za redio yangu ndogo, moja nyuma ya jingine. Kipimo kinasema volti kumi na mbili, kamili. Phonie inasikiliza vizuri. Kusema, haitaki. Msukumo upo, mkondo ni mdogo. Nimembonyezea Furaha kifo. Naogopa.

Alhamisi, 6 Februari
Mstari mmoja hautoshi. Inabidi mistari mingi ubavu kwa ubavu, kila mmoja utoe mkondo wake. Nimepita nyumba kwa nyumba na kikapu, kuazima mawe.
Nikafika kwa Mama Dhena. Kuta zetu zimeshikana, lakini hatusalimiani tangu vita: yeye wa kabila lile, mimi wa hili. Redio yake ndiyo humwambia lini akimbie. Nilimweleza yote, nimesimama mlangoni kama mkopaji. Akafungua redio, akatoa mawe sita.
"Kamata. Lakini utanirudishia, mwalimu."
Jumla hamsini na tatu. Nimeyaanika juu ya bati, kama kila mtu hapa anavyofanya. Joto huyaamsha kidogo.

Ijumaa, 7 Februari
Nimepima kila jiwe kwa balbu ya tochi, ile ya darasani. Matano yamekufa. Nimeyatoa, jiwe bovu moja linaziba mstari wote. Imebaki mistari sita, mawe manane kila mmoja. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Betri ya gari nayo nimeiunga pembeni, isaidie inavyoweza.
Saa nne. Bila salamu.
"Furaha, musikuje. Barabara iko mubaya. Mubakie."
Maneno sita. Taa ilianza kutetemeka kwenye la tano. La sita sijui kama lilitoka. Nikaachia nisikilize. Mvumo tu. Nikajaribu tena, phonie ikazimika. Nimekaa mbele yake hadi saa nane. Sikula.

Jumamosi, 8 Februari
Saa nne. Nguvu iliyobaki ni ya kusikiliza tu. Mvumo, mrefu. Halafu Furaha, kwa hasira.
"Yaya, mardi unasema tukuje, jana unasema tusikuje! Camion imeenda. Siye tuko hapa, watoto wanalia, mizigo ilikuwa imefungwa. Unanisikia?"
Nikabonyeza mara mbili.
Kisha nikafungua waya, nikarudisha mawe nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Dhena nilifika mwisho. Aliyahesabu, sita, akayaweka kwenye ungo.
"Walibakia?"
Walibakia, nikamwambia.
"Bon," akasema, akatoka kuyaanika.